Wafugaji wa Pemba, na Tuandike Mbuzi Wetu

Ndugu zangu wafugaji, tangu Makangale mpaka Kengeja, kila inapokaribia Idd el-Hajj hutendeka jambo katika shehia zetu ambalo hakuna anayelikemea. Mchuuzi hupita nyumba hadi nyumba na fedha mkononi. Humtazama kila mbuzi aliyefungwa kamba chini ya mkarafuu, na jicho lake humwangukia mmoja tu: beberu mrefu wa mgongo, mpana wa kifua, mwenye manyoya yanayong'ara, aliyepita masika nzima bila kuhara. Huyo hulipiwa vizuri, na huyo huondoka. Anayebaki kijijini kuwapanda majike ni yule ambaye mchuuzi alimkataa. Mwakani watoto wa aliyekataliwa ndio watakaopangwa mbele ya mchuuzi, naye atachagua tena aliye afadhali, atuachie aliye dhaifu. Tukilifanya hili mwaka baada ya mwaka, kisha tukalalamika kwamba mbuzi wa Pemba wamekuwa wadogo, tunamlalamikia nani?

Simlaumu mchuuzi, wala haifai mtu alaumu ibada. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alichinja kwa mkono wake kondoo madume wawili wenye pembe, na mwenye kutoa udhia hutakiwa atoe kilicho kizuri. Lakini tuyatazame vizuri masharti yenyewe kama tulivyofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafi. Kondoo awe ametimiza mwaka, au awe amekwisha kubadili meno ya mbele. Mbuzi awe ametimiza miaka miwili. Asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe mgonjwa, asiwe amekonda hata mifupa haina uboho. Miaka miwili! Beberu hupevuka kabla ya kumaliza mwaka wake wa kwanza. Basi sharia yenyewe imetuachia zaidi ya mwaka mzima ambao beberu bora anaweza kuacha mbegu yake katika kila banda la shehia, kisha akachinjwa siku ya Idd kwa utukufu unaomstahili. Tunachokosa ni mpango, na mpango wa namna hii mtu mmoja hauwezi. Unataka chama.

Wenzetu walilijua hili zamani. Nasema habari za kondoo, ingawa Mpemba ni mtu wa ng'ombe na mbuzi na kondoo ni wachache kisiwani kwetu, kwa sababu kondoo wana kisa kinachotuhusu. Katika karne ya 19 kondoo wa pwani ya Somalia, wale wenye kichwa cheusi, mwili mweupe na mafuta mkiani, walifika Afrika Kusini kwa meli, tena wachache sana. Wakulima wa huko wakawazalisha kwa uangalifu, na katika miaka ya 1930 wakawachanganya na kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn. Akapatikana kondoo mpya, Dorper. Mwaka 1950 wafugaji wake wakaunda chama, wakaandika sifa za kondoo wao, wakakubaliana nani aandikwe na nani akataliwe. Leo Dorper anafugwa Australia, anafugwa Marekani, na amerudi Afrika Mashariki akiwa mgeni wa bei kubwa. Nusu ya damu yake imetoka katika pwani hii hii ya kwetu. Mfugaji wa Berbera, huko pwani ya Somalia, alikuwa na kondoo mwenyewe, malisho na ujuzi wa mababu. Kilichomkosa ni daftari, na wahenga wetu walikwisha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Chama cha wafugaji wa aina moja ya mnyama, ukikivua maneno makubwa, ni watu waliokubaliana kusema kweli juu ya wanyama wao na kuiandika. Wanaandika mnyama wao yukoje: kimo, rangi, masikio, pembe, miguu. Wanaandika nani kazaliwa na nani, siku gani, peke yake au pacha. Kisha wanasimama nyuma ya maandishi hayo. Mnunuzi akiuliza, "Huyu ni mbuzi wa namna gani?" anaoneshwa karatasi yenye mhuri, na mhuri ule ni neno la wanachama wote. Akipatikana mmoja aliyeandika uongo, ameharibu bei ya mbuzi wa jirani yake, na ndiyo maana vyama hivi huwa vikali kwa waongo kuliko kwa maskini.

Sasa atasimama mtu aseme, "Mbuzi wetu ni wadogo, wana nini cha kuandikwa? Heri tungoje serikali ituletee mabeberu makubwa kutoka nje." Ndugu yangu, tega sikio. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya mifugo iliyoko Nairobi, walifanya majaribio Diani, kusini ya Mombasa. Diani ni pwani kama Pemba, ina joto na unyevu, na majani yake yamejaa minyoo kila mvua inaponyesha. Waliwaweka pamoja kondoo wekundu wa Kimasai na hao Dorper wenye sifa duniani. Ile minyoo inayonyonya damu tumboni ikawamaliza watoto wa Dorper kwa wingi, na wale wekundu wa kienyeji wakastahimili. Wakajaribu na mbuzi pia: Galla, mbuzi mkubwa mweupe wa nchi kavu ya kaskazini ya Kenya, na mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki. Aliyeishinda minyoo vizuri zaidi ni yule mdogo. Huyo ni wa jamii moja na mbuzi uliyemfunga nyuma ya nyumba yako. Ukubwa unaouonea tamaa una faida gani kwa mnyama aliyekufa masika ya kwanza?

Tena kisa hicho kina upande wa majuto. Wakati ukweli huo ulipojulikana, wafugaji wengi wa Kenya walikuwa wamekwisha kuwachanganya kondoo wao na Dorper, hata kondoo mwekundu halisi akawa wa kutafutwa. Hawakuwa na chama cha kuwaambia, "Changanyeni mkitaka, lakini tuweke akiba ya mbegu safi." Sisi bado tunayo akiba. Bahari imetulindia. Hata mbung'o walioutesa ufugaji wa Unguja mpaka walipotokomezwa katika miaka ya 1990 kwa kuachiwa madume waliohasiwa kwa mionzi, Pemba hawakuwapo. Mwenyezi Mungu ametupa kisiwa chenye neema, na jahazi moja la mbuzi wasiopimwa, likitoka bara na sotoka ya mbuzi, laweza kutuondolea neema hiyo kwa mwezi mmoja. Ugonjwa huo ulithibitishwa Tanzania Bara mwaka 2008. Chama chenye wanachama katika kila bandari, Wete, Mkoani, na madiko madogo ambayo bwana mifugo hafiki, kingekuwa jicho la kwanza la kumwona mnyama mgonjwa anashushwa.

Kuhusu namna ya kuendesha, mfano mzuri uko Meru nchini Kenya. Mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilianza huko mradi wa mbuzi wa maziwa, Toggenburg waliotoka Uingereza. Siusifu mradi kwa mbuzi wake, kwani nimekwisha kusema moyo wangu uko kwa mbuzi wa hapa. Nausifu kwa utaratibu. Kila kikundi cha wanakijiji kilikuwa na beberu mmoja wa wote. Mwanachama mmoja alimtunza, wengine wakampelekea majike yao kwa ada ndogo. Binti zake walipokaribia umri wa kupandwa, beberu alihamishiwa kikundi kingine ili asiwapande watoto wake mwenyewe. Vikundi vikaungana vikawa chama, Meru Goat Breeders Association, na chama kikaanza kuwaandikisha mbuzi katika Kenya Stud Book, daftari la nasaba lililoanzishwa mwaka 1920 kwa ajili ya mifugo ya walowezi. Fikirini: mwanamke wa kijijini mwenye mbuzi wawili anaandikiwa mnyama wake katika kitabu walichojiwekea mabwana wenye mashamba makubwa! Mbuzi aliyeandikwa alipata bei ambayo asiye na cheti hawezi kuitaja. Chama kilikuwa na watu wake kijijini waliofundishwa tiba ndogo ndogo, wakisimamiwa na madaktari wa mifugo, kwa hiyo dawa ya minyoo haikuwa safari ya siku nzima.

Hapa Pemba jambo la kuzungusha beberu ni la lazima zaidi kuliko Meru. Mbuzi wetu wengi ni wa kamba, au hulala banda moja miaka yote, na beberu wa jirani ndiye baba, ndiye babu, ndiye baba tena. Watoto huzaliwa dhaifu, taya limepinda, mapacha wanafifia, nasi husema ni jicho la watu. Beberu wa Konde akikaa mwaka Kiuyu, wa Kiuyu akaenda Mtambile, wa Mtambile akapanda Konde, gharama yake ni nauli ya gari tu.

Na msidhani kisiwa ni kidogo mno kwa kazi hii. Kaskazini ya Scotland kipo kisiwa kiitwacho North Ronaldsay. Ukubwa wake haufiki kilomita za mraba 8, na sisi tuna 988. Mwaka 1832 watu wa huko walijenga ukuta wa mawe kuizunguka ardhi yao, wakawaacha kondoo nje ya ukuta, ufukweni, na kondoo wale wakazoea kula mwani. Mpaka leo chakula chao kikubwa ni mwani. Wanakisiwa wana baraza lao la kondoo linaloamua nani afuge wangapi na kila nyumba ijenge sehemu gani ya ukuta. Bahari ikiubomoa, wanauinua. Siku hizi kila kiangazi hufika watu kutoka nje kuwasaidia kupanga mawe. Mwaka 1974 chama cha Uingereza cha kuhifadhi mifugo adimu, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilinunua kisiwa kingine, Linga Holm, kikapeleka kundi la kondoo hao huko, ili maradhi au mafuta ya meli yakifika North Ronaldsay mbegu isipotee yote kwa siku moja. Dada zetu wa Tumbe na Micheweni wanaolima mwani wataelewa upesi kuliko mtu yeyote maana ya kuishi kwa kile ambacho ufukwe unatoa.

Lipo onyo, nalo limo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliunda chama cha wakulima wa karafuu. Jina lilikuwa la mkulima. Miaka kumi baadaye chama hicho kikapewa uwezo juu ya biashara ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, India ikasusia karafuu zetu, na mwaka 1938 wakubwa wakakaa wakapatana. Mkulima wa Pemba, aliyepanda mti na kuuchuma, katika mapatano hayo alikuwa msikilizaji. Chama kinachoteremshwa kutoka juu humtumikia aliyekiteremsha. Na vikundi vinavyoundwa kwa sababu gari la mfadhili limefika hufa siku gari hilo linapoondoka, tumeviona. Chama ninachokililia kianze kwa kiingilio chetu, hata kama ni bei ya pishi ya mchele, ili mwanachama awe na haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Mifugo ya Zanzibar tuwaite watufundishe kupima na kuandika, lakini kalamu ishikwe na sisi.

Wengine wanaogopa kuhesabiwa. Mtu hapendi jirani ajue ana mbuzi wangapi, akihofu husuda. Hofu hiyo naijua, na siidharau, lakini dini imekwisha kuijibu: mwenye mbuzi 40 wanaochungwa, wakatimiza mwaka, anawajibika kutoa mmoja zaka. Atawajibika vipi asiyehesabu?

Masheha wa Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, mnaweza kuanza kabla ya Idd ijayo. Waiteni wenye mbuzi wakutane skuli, saa ambayo akina mama wataweza kufika, kwa kuwa wao ndio wanaokata majani na kujua jike gani huzaa pacha. Kila shehia ichague mabeberu wawili wasiuzwe mwaka huu. Wanachama wamchangie mwenye beberu fidia ya kumchelewesha, na mwakani auze kwa bei atakayo. Mnyama avishwe hereni yenye namba. Jina la mwenyewe, namba ya beberu, mama yake na siku aliyozaliwa viandikwe siku hiyo hiyo mbele ya watu wote, na daftari likabidhiwe kwa katibu mmoja aliyechaguliwa kwa kura, kwa mwaka mmoja tu.