Jino likibanduka, lawama isitupiwe mahindi ya kuchoma

Wakaaji wengi wa Goma na Bukavu wanajua jibu hili. Mgonjwa anarudi kwa munganga wa meno na kipande cheupe ndani ya kitambaa. Kuroni aliyoilipia dola imebaki mdomoni, chuma kikionekana. Kabla hata hajakaa kwenye kiti anaulizwa: ulikula nini? Akisema mahindi ya kuchoma, kesi imekwisha. Akisema maharagwe, ataambiwa kulikuwa jiwe ndani. Garanti hakuna, kurudishiwa feza hakuna, na akitaka nyingine alipe upya.

Jibu hilo mara nyingi halina ukweli, na wagonjwa wako na haki ya kulikataa. Kwa familia ya wahami iliyouza mbuzi wa mwisho au iliyokopa kwa likelemba ili mtoto wao mkubwa apate jino la mbele, kudanganywa namna hiyo ni wizi, hata kama unafanywa na mtu aliyevaa blouse nyeupe.

Kuroni ya aina hii ni vitu viwili vilivyolazimishwa kuishi pamoja. Chini kuna kofia ya chuma, juu kuna seramiki yenye rangi ya jino. Seramiki haibandikwi na gundi. Inapakwa juu ya chuma kama udongo laini, kisha inapikwa ndani ya tanuru kwenye joto la karibu nyuzi 900. Kinachoishikilia ni ngozi nyembamba ya oksidi inayotokea juu ya chuma, karibu sawa na kutu, lakini kutu yenye faida. Ngozi hiyo ikikosekana, seramiki haina pa kushika. Ikiwa nene kupita kiasi, inapasuka yenyewe na kubeba seramiki yote. Chuma cha kobalti na kromu kinapenda sana kutoa ngozi nene, kwa hiyo fundi anayekitumia hana ruhusa ya kubahatisha.

Kuna tena shida ya joto. Vitu hivi viwili vinapopoa vinajikunja, na visipojikunja karibu sawa, seramiki inapata nyufa kabla mgonjwa hajaiona. Chuma kinatakiwa kujikunja kidogo tu zaidi, ili kiikumbatie seramiki na kuikaza. Ni hati za ugunduzi zilizotolewa Marekani mwaka wa 1962 zilizofungua njia hiyo, kwa kutengeneza seramiki inayoendana na chuma cha zahabu. Tangu wakati huo kila seramiki inauzwa ikiandikwa inaendana na chuma gani. Fundi anayechukua unga wa kampuni moja na chuma asichojua kilikotoka anacheza bahati nasibu ndani ya mdomo wa mtu.

Kipimo kipo. Kanuni ya kimataifa ISO 9693 inataka vipande sita vya chuma chembamba vyenye seramiki katikati vipindwe mpaka seramiki ianze kuachia, na angalau vinne kati ya sita vivuke megapaskali 25. Hiyo ni kama kilo mbili na nusu juu ya kila milimita moja ya mraba. Watengenezaji wa chuma na unga wanafanya kipimo hicho mbele ya kuuza. Lakini kipimo chao ni cha chuma kipya na safi, katika tanuru lililopimwa vizuri. Hakimlindi mgonjwa ikiwa laboratware imeyeyusha tena mabaki ya juzi. Watengenezaji wengi wanaomba angalau nusu ya chuma kiwe kipya kila mara, sababu kuyeyusha tena na tena kunapunguza madini yale yanayotoa oksidi nzuri. Hakimlindi tena ikiwa fundi ameshika chuma kwa vidole vyenye mafuta baada ya kukisafisha kwa mchanga, au umeme umekatika wakati seramiki iko katikati ya moto na akaamua kuendelea kama vile hakuna kitu. Na umeme katika mji huu, kila mtu anaujua.

Sasa, kile kipande ndani ya kitambaa. Kisitupwe, maana ndicho shahidi. Kama pale kilipotoka chuma kimebaki uchi, kinang'aa au cheusi bila weupe wowote, basi kilichoachia ni mshiko wenyewe kati ya chuma na seramiki. Hapo mahindi hayana kesi kubwa ya kujibu: mshiko uliofanywa vizuri ni imara kuliko seramiki yenyewe, na seramiki ingevunjika kwanza. Kama chuma bado kimefunikwa na weupe, basi seramiki imepasuka ndani yake. Hilo linaweza kutoka kwa mgonjwa: ameanguka, amepigwa, anasaga meno usiku, amefungua chupa ya bia kwa jino (wapo, na wanajijua). Lakini hata hapo laboratware haijatoka kwenye lawama. Seramiki inayozidi milimita mbili bila chuma cha kuibeba chini yake inavunjika kirahisi, na kofia iliyochongwa vibaya ni kazi ya fundi, si ya mlaji.

Waganga wengine wanajitetea kwamba vita vimefunga njia, vifaa vinafika kwa shida na bei imepanda. Ni kweli. Lakini shida hiyo inaeleza kwa nini kuroni nzuri ni ghali. Haielezi kwa nini mgonjwa anauziwa mbaya kwa bei ya nzuri. Kama chuma kizuri hakipo, munganga aseme. Kwa jino la nyuma, ambalo hakuna anayeliona mtu akicheka, kuroni ya chuma tupu haina seramiki ya kubanduka, na mara nyingi munganga hahitaji kupunguza jino sana. Mbona haipendekezwi? Sababu nyeupe inalipa.

Na jambo moja linachoma zaidi. Chuma kinachotumika sana leo kwa kazi hii, pale zahabu inaposhindikana, kiko na kobalti karibu 60 kwa 100. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Ulaya, tangu Oktoba 2021, sheria inaiandika kobalti kati ya vitu vinavyoweza kuleta kansa, hatari kubwa ikiwa ni kuvuta vumbi lake, na mtengenezaji lazima aitaje. Mtu wa Bruxelles anajua kilicho mdomoni mwake. Mkongomani, ambaye udongo wake umekitoa, hapewi hata karatasi.

Karatasi ndiyo ya kudai, mbele ya kulipa: jina la chuma, jina la seramiki, tarehe, jina la laboratware, na muda wa garanti kwa maandishi. Mtu ambaye bijou za bei ndogo zinamwasha ngozi aulize pia kama kuna nikeli, na fundi mwenyewe aulize kama kuna berili, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Munganga anayekataa kuandika mistari hiyo mitano amekwisha kusema anachofikiri juu ya kazi yake.