Begi la Biharusi Halina Sweta



Leo tuna neno na wanawali wanaotarajia kuolewa, na mama zao, na masomo wanaowafunda. Tumekwisha kuhudhuria kufunguliwa kwa mabegi mengi ya harusi hapa visiwani. Hutolewa abaya za Dubai, doti za kanga, viatu vya visigino, udi, manukato na mikufu. Vigelegele vikipigwa, nasi hupiga. Lakini tangu maharusi wetu waanze kwenda Moshi kwa fungate, bado hatujaona begi hata moja lililotiwa sweta.

Utacheka, lakini sisi yametukuta. Tulikwenda wanne mwezi wa saba, mmoja wetu akiwa ameolewa hivi karibuni na mumewe yuko nasi. Wengi wetu Kilimanjaro tuliyokuwa tukiijua ni ile boti ya kwenda Dar. Tukafunga mizigo kama watu wa boti: mabuibui mepesi, mitandio ya shifoni na makubadhi. Moshi mjini mambo yalikuwa shwari, tukapigwa na kibaridi cha asubuhi tu, tukasema hiki ndicho kinachotishiwa watu? Siku ya pili tukapanda Marangu, tukaingia msituni kwa matembezi ya siku moja kuelekea kambi ya Mandara. Ukungu ukashuka, manyunyu yakaanza. Mabuibui yakaloa upindo, yakazoa tope, yakatunasa miguuni. Biharusi wetu midomo ikageuka rangi. Mumewe akamvua jaketi lake akampa, yeye akabaki anatetemeka. Tulirudi njiani, na jioni ile wawili hao hawakusemezana.

Sababu ya ugomvi haikuwa baridi yenyewe. Mume alisema, "Kwa nini hukuniambia huna nguo?" Mke akasema, "Kwa nini wewe hukuniambia huko kuna baridi?" Wote wawili walikuwa na haki. Sisi tuliobaki tulikuwa na lawama zaidi, kwani ndio tuliomfungia begi.

Maoni yetu ni haya: nguo ya kumkinga mwanamke na baridi ni sehemu ya stara yake, nayo iingie begini kabla ya jozi ya tatu ya visigino.

Kuna dada watasema, majaketi na masuruali ni mavazi ya watalii, sisi na stara yetu tutabaki na buibui. Jamani, nani kasema uchague moja? Ukisoma Suratul A'raf utakuta vazi limetajwa kuwa ni la kusitiri na la kupamba. Ukisoma Suratun Nahl utakuta joto tunalolipata kwa wanyama, sufu na manyoya yao, limehesabiwa katika neema za Mwenyezi Mungu. Nguo inayositiri na nguo inayopasha joto si maadui. Tena tuseme kweli: buibui jepesi lililoloa maji hugandamana na mwili likachora kila kitu. Siku ile pale msituni, aliyesitirika kuliko sote ni yule mwenzetu mmoja aliyekuwa na koti kubwa la mvua la kufika magotini, ambalo asubuhi tulimcheka.

Basi tujue tunakokwenda. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu liko mita 1,800 na ushei, na Mandara ni mita 2,720. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Yaani kutoka hotelini mjini hadi Mandara unapoteza zaidi ya nyuzi 10, na hujafika hata nusu ya mlima, maana kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Ukiondoka kwetu wakati wa kipupwe, mwezi wa sita hadi wa nane, unakutana na Moshi katika baridi yake. Ukienda wakati wa vuli, jitayarishe kwa mvua.

Nguo za huko huvaliwa kwa matabaka. Ya ndani iwe nyepesi na yenye kukauka haraka: taiti na fulana ya mikono mirefu, lakini isiwe ya pamba. Pamba hunywa jasho na maji ikabaki baridi mwilini. Kanga zetu tunazipenda, ila mlimani kanga ni ya kuswalia na kujitandia chumbani. Tabaka la kati ni sweta la sufu. La juu ni koti lisilopitisha upepo wala mvua, nunua kubwa kuliko kipimo chako ili lipite juu ya gauni na lisibane. Taiti ikiwa ndani na gauni pana juu yake, hakuna wa kuiona. Gauni lenyewe likatwe upindo lifike kwenye kifundo cha mguu, na soksi ndefu zisitiri kilichobaki.

Kichwani acha shifoni na pini. Vidole vikishikwa na baridi, pini hazishikiki. Chukua ushungi wa kuvaa wa kitambaa cha kuvutika, na chini yake kofia ya sufu, masikio yatakushukuru. Glovu usisahau, hata kama utaificha hina na piko ulizokalia usiku mzima. Utazionyesha ukirudi. Miguuni vaa raba nzito au buti ulizokwisha kuzizoea nyumbani wiki mbili kabla, kwani kiatu kipya kitakuchuna siku ya kwanza.

Mtasema gharama. Hapa ndipo tunapowashangaa watu wetu. Masweta mazuri ya sufu yamelala kwenye mitumba yetu hapa hapa mjini, hayana mteja kwa sababu nani atavaa sweta Unguja? Chagua, fua vizuri, anika. Ukishindwa, Moshi kuna soko la Memorial lililojaa mitumba ya nchi za baridi, na yako maduka yanayokodisha majaketi na buti kwa wapanda mlima. Bei ya abaya moja ya begini inaweza kuwavisha biharusi na bwana harusi wote wawili.

Na ibada je? Hili ndilo lililotuuma zaidi. Maji ya kule asubuhi ni kama yametoka frijini, na mmoja wetu alichelewesha Alfajiri hadi jua likakaribia kuchomoza kwa kuyaogopa. Omba maji ya moto jikoni, au chukua chupa ya chai ya kuhifadhi moto uijaze usiku. Maadamu unaweza kuyapasha maji, baridi si udhuru wa kutayamamu. Pia tuna ruhusa ambayo watu wa joto tumeisahau: kupaka maji juu ya khufu, zile soksi za ngozi, ukiwa umezivaa na udhu wako kamili. Msafiri ana siku tatu na nyusiku zake, mkaazi mchana na usiku mmoja. Soksi nyepesi za kitambaa hazitoshi katika madhhebu ya Imam Shafi tunayoifuata wengi wetu, basi muulize sheikh wako kabla ya safari.

Sasa tunarudi kwa masomo na mama zetu. Mnamfunda mwali kupika, kujifukiza, kumpokea mumewe na kunyamaza panapofaa. Mfundeni pia kusema "nasikia baridi" bila haya, na kuuliza "tunakwenda wapi, na kuna hali gani?" kabla ya kufunga mzigo. Nanyi mabwana harusi, mkitaka kumshtukiza mwenzenu kwa safari, mshtukizeni na koti lake mkononi.

Wale wawili wetu walipatana, alhamdulillahi. Asubuhi yake mume alitoka peke yake akarudi na sweta la sufu la kijivu, kubwa, si la kupendeza hata kidogo. Mke akalivaa juu ya gauni lake la fungate, wakashuka pamoja kuyatazama maporomoko ya Kinukamori. Hadi leo limo kabatini mwake Unguja, baina ya abaya zake, na hataki kumwazima mtu.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu mapenzi na huruma, na safari zenu salama. Amin.