Mnacheka Nini?

Nimechoka na kicheko chetu.

Nasema na wewe, ndugu yangu wa Moshi. Wewe uliyekaa stendi. Wewe unayesubiri jina lako liitwe pale geti la Marangu. Wewe uliye ofisini unapanga safari za mlimani. Kijana wa Kibosho anamsogelea mgeni Mjerumani nje ya hoteli, anamwonyesha kilele cha Kibo, anasema “die Berg” badala ya “der Berg”. Mgeni kaelewa. Mgeni kainua kichwa, anautazama mlima. Nani anayecheka?

Sisi!

Tunagongeana mikono. Tunamwiga. Jioni habari imeshafika Majengo na Pasua, na kijana kapewa jina la utani litakalomfuata mpaka azeeke.

Kosa lake ni lipi hasa? Nomino za Kijerumani zimegawanyika makundi matatu: der, die na das. Nyingi hazina kanuni ya kukuambia mlima ni wa kundi gani na kibanda ni cha kundi gani. Unakariri neno kwa neno. Kijana huyu kakariri usiku, kwa mwanga wa simu, baada ya kutua mzigo wa kilo 20. Kakosea kijineno kimoja, na sisi tunamzika nacho.

Sasa ngoja mgeni yuleyule afungue mdomo. Aseme: “Kiti yangu imevunjika.” Lo! Makofi! “Mzungu anajua Kiswahili!” Tutamsogezea mbege, tutampa na jina la Kichaga. Ngeli kaivunja mara mbili katika maneno matatu, na tunamwita mwenzetu!

Makofi kwa mgeni, kicheko kwa ndugu. Huu ni ukarimu au ni utumwa?

Wajerumani wenyewe hawakufika huku kwa kuona haya. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo, Kiswahili chake kikiwa kibichi kabisa, akaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1850 akachapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Sarufi yetu, kaiandika mgeni wa miaka sita! Mwenzake Johannes Rebmann alifika Uchagani 1848 akauona mlima huu na theluji yake. Wangesubiri mpaka lugha iwanyookee ndipo waseme, wangefika wapi?

Kuteleza si kuanguka. Wao wanaijua siri hiyo. Sisi tunaisema tu kama methali.

Ugonjwa wenyewe tunaupandikiza shuleni. Mtoto wa shule ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anageuziwa kibao: karibu kila somo Kiingereza. Anaulizwa swali. Anasimama, anajibu, kitenzi kinampiga chenga. Darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu naye anacheka. Mtoto anakaa. Nakwambia anakaa kweli, maana hatasimama tena mpaka amalize kidato cha nne. Somo alilolishika vizuri kuliko yote ni moja: ukinyamaza, hawakucheki.

Huyo ndiye anayekwenda kubeba mizigo mlimani. Anamsikia mgeni akiuliza jina la ua, jina la ndege, jina la kilele kile chenye meno upande wa mashariki. Jibu analo tangu utotoni. Mawenzi! Ananyamaza. Anajibu mwingine, na mwingine huyo ndiye anayepanda cheo, na tipu nono inamfuata anayejibu. Mpagazi aliyenyamaza atabaki mpagazi mpaka magoti yakatae.

Pesa ni jambo dogo. Fikiri kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anatapika. Anapepesuka. Ukimuuliza hili anajibu lile. Hewa ya juu imemshinda, na dawa ya kwanza ni kumshusha, sasa hivi. Aliyeziona dalili ni kijana anayemletea maji. Akisema “Du müssen runter!” kitenzi kimekosewa, kilitakiwa kiwe “musst”. Lakini hakuna Mjerumani duniani asiyeelewa kwamba anaambiwa ateremke. Ungependa kijana huyu atafute kwanza kitenzi sahihi? Au akumbuke mlivyomcheka, anyamaze?

Unalala, ndugu yangu. Majirani hawalali. Septemba 2024 Kenya ilitia saini na Ujerumani makubaliano ya kuwafungulia Wakenya njia ya kwenda kufanya kazi kule. Ufunguo wa mlango huo ni Kijerumani, na hakuna aliyewahi kujifunza Kijerumani bila kukiharibu kwanza. Wenzetu wanakiharibu darasani, wanakiharibu mtaani, wanasonga mbele. Sisi tumekaa kijiweni tunatoa alama.

Usinielewe vibaya. Sarufi ina thamani yake. Muuguzi anayetaka kazi katika hospitali ya Ujerumani atapimwa lugha, na msahihishaji wa mtihani hatamwonea huruma. Kwa hiyo ndiyo akosee hapahapa, leo, mbele yetu, akosee mara mia moja mpaka ulimi ulainike. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe ukimwona mwenzio kainama, unampiga teke?

Tunalia kila siku kwamba kazi nzuri za utalii zinachukuliwa na watu wa nje. Tunalaumu serikali, tunalaumu kampuni, tunalaumu bahati. Kikulacho ki nguoni mwako! Hakuna Mjerumani aliyewafunga midomo vijana wa Machame, Rombo na Old Moshi. Tumewafunga sisi, kwa meno yetu wenyewe.

Wenye kampuni, mkataze kuigana na kudhihakiana kabla timu haijapanda. Walimu, anayemcheka mwenzake darasani ndiye wa kuadhibiwa, aliyejaribu asiguswe. Na wewe msomaji, mwenzio akikosea, mwache amalize, mvute pembeni, mwambie polepole: “Ni der Berg, kaka.” Kisha mwache arudi kwa mgeni wake.

Sahihisha kwa staha. Kama huwezi, basi nyamaza wewe.