Nani Anaipima Mizani?

Haya, nimerudi. Wiki tatu nilikuwa mkoani Mara, wilaya za Tarime na Serengeti, kikazi. Habari niliyotumwa kuifuata ilitoka gazetini: aya sita, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la viwanja. Hii ya leo ni ile iliyobaki kwenye daftari, na nisipoitoa itanikaa kooni. Mnivumilie tu, maana nitaanzia mbali kidogo. Nitaanzia kwenye raketi.

Wanaonijua wanajua nacheza badminton, huu tunaouita mpira wa vinyoya. Najua mtasema huo ni mchezo wa watu wa Upanga. Sawa. Nilijifunza chuoni na umeniganda. Sasa raketi yake hufungwa nyuzi kwa mashine. Mashine inavuta kila uzi kwa nguvu fulani, na nguvu hiyo huhesabiwa kwa pauni. Sisi wa kawaida tunaomba pauni 22 au 24, wakali wanapanda hadi 28, hata 30. Nyuzi zikilegea, kinyoya kinaruka kweli, ila kitatua wapi anajua Mungu. Zikikaza mno, bega linakuuma na raketi yenyewe inaweza kupasuka mikononi mwa fundi.

Kuna kipindi, kabla sijahamishiwa mkoani, nilikuwa napigwa na kila mtu. Hata watoto wa sekondari. Nikaenda kwa fundi wangu (simtaji) nikamwambia nyuzi zimelegea. Yeye ana mashine ya umeme yenye kioo, na kioo kinaandika namba nyekundu. Akanionyesha: 24.0. "Si unaona mwenyewe, kaka?" Nikanyamaza. Yaani mimi na digrii yangu, kazi yangu kuuliza maswali, nimefungwa mdomo na namba nyekundu!

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja anayefunga raketi kwa mashine ya mkono, ya zamani. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajagusa raketi ya mtu, anachukua mizani ya kuning'iniza, kama zile za wauza samaki. Ndoano moja anaifunga kwenye mwili wa mashine, nyingine anaifunga uzi, halafu anaiachia mashine ivute. Anasoma mizani. Mashine inasema 24 na mizani inasema karibu kilo 10.9, ambayo ndiyo pauni 24? Kazi inaanza. Zinapishana? Anarekebisha kwanza. Anapima mashine, hapimi raketi iliyokwisha fungwa, kwa sababu nyuzi zinaanza kulegea zenyewe mara tu zinapotoka mezani, kwa hiyo raketi ya jana haiwezi kutoa ushahidi juu ya mashine ya leo.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikamuuliza, "Na hiyo mizani yako, mzee, nani kasema iko sahihi?" Hakukasirika. Alivuta chini ya meza jiwe la chuma la kilo 10, akalitundika kwenye mizani nikiona. Kumi. Akaniambia hupimi kazi ya kilo kumi kwa jiwe la kilo moja, maana mizani inaweza kusema kweli kwenye mzigo mdogo na kusema uongo kwenye mkubwa.

Nilimwazima ile mizani nikaenda nayo kwa fundi wangu. Kioo kilisema 24.0. Mizani ikasema kilo 9.5, ambayo ni kama pauni 21. Pauni tatu zimeyeyuka! Na nawahakikishia yule kaka hakuwa mwizi. Uso ulimshuka kuliko wangu. Mashine ilikuwa imechoka, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuihoji.

Sasa mtaniuliza, nyuzi za raketi na Tarime wapi na wapi? Ngojeni.

Wilaya ya Serengeti watu wengi wa mjini wanaijua kwa simba na nyumbu. Lakini ukitoka nje ya hifadhi, ukienda vijiji vya kuzunguka Mugumu, utakuta watu wanalima pamba. Msimu wa kuuza ukifika pamba inapelekwa kituoni, kwenye chama cha msingi, AMCOS, inapimwa, inaandikwa, mtu anasubiri pesa. Nilifika kituo kimoja (jina nakaa nalo) asubuhi ya saa tatu. Mizani yenye saa, ya kuning'iniza, imefungwa kwenye tawi la mwembe. Foleni ya baiskeli na mikokoteni. Karani ana daftari na kalamu mbili sikioni.

Mzee mmoja alitundika mzigo wake. Karani akasoma: arobaini na nane. Mzee akasema, kwa upole kabisa, kwamba nyumbani alipima hamsini. Karani hakuinua hata kichwa. "Mzee, stika ipo. Sogea, wenzako wanasubiri."

Stika ipo! Hapo ndipo nilipoiona ile namba nyekundu ya fundi wangu ikining'inia juu ya mwembe.

Tufanye hesabu, na kurahisisha tuseme kilo moja ni shilingi 1,000. Kilo mbili kwa kila hamsini ni asilimia nne. Mwenye kilo 600 msimu mzima anapoteza kilo 24, yaani shilingi 24,000. Wewe unayesoma hapa ukinywa kahawa ya elfu sita utasema ni pesa ndogo. Kwa mzee yule ni sare za shule. Halafu zidisha kwa watu wote walio kwenye foleni, zidisha kwa siku za msimu.

Naomba nieleweke. Sisemi mizani ile ilikuwa inapunja. Huenda mizani ya nyumbani kwa mzee ndiyo mbovu. Ninachosema ni kwamba pale chini ya mwembe, kati ya watu zaidi ya thelathini, HAKUNA hata mmoja aliyekuwa na njia ya kujua. Karani hajui. Mzee hajui. Mimi mwandishi sijui. Kitu pekee kinachojua ni stika, na stika haiongei.

Stika maana yake nini? Sheria tunayo, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Chombo tunacho, Wakala wa Vipimo, kilichoanzishwa mwaka 2002. Mizani ya biashara inatakiwa ihakikiwe kila mwaka, ikipita inabandikwa stika. Safi sana. Ila stika inasema jambo moja tu: siku ile, mbele ya afisa yule, mizani hii ilisema kweli. Baada ya hapo mizani imerushwa nyuma ya trekta, imekaa juani, imenyeshewa, imeangushwa, imetundikiwa mizigo kutwa kucha. Springi ni chuma, nacho kinachoka. Na mwenye nia mbaya anahitaji bisibisi na dakika tano. Mzee wangu wa raketi hapimi mashine mara moja kwa mwaka. Anapima kila wiki, na hapo tunazungumzia mchezo!

Kuna wenzangu, hasa nyie mliosoma kompyuta, wataniambia dawa ni mizani za kidijitali. Hapana jamani. Kile kioo cha 24.0 kilikuwa cha kidijitali. Namba inayowaka inaweza kukosea vilevile, tofauti ni kwamba watu wanaiheshimu zaidi. Leteni hizo mizani, ni nzuri, zinasomeka hata na mzee asiyeona vizuri mshale. Lakini mkizileta bila jiwe la kuzipimia mtakuwa mmemnunulia karani namba nyekundu.

Wengine wataniambia na wakulima nao wezi: wanamwagia pamba maji, wanachanganya mchanga. Kweli kabisa, wapo, na wanatuharibia sokoni. Ila angalieni kinachotokea. Karani akimshuku mkulima, anazamisha mkono ndani ya mzigo hapohapo, anaumwaga wote chini, anachambua mbele za watu. Mkulima akimshuku karani, anaambiwa aende kulalamika kwa wahusika. Wahusika wako mjini. Kutoka kijiji cha Serengeti hadi Musoma na kurudi ni nauli na siku nzima, kwa ajili ya kilo mbili. Nani atakwenda? Na akirudi, mzigo wake ulishachanganywa na wa watu wengine.

Tarime nako ni wimbo uleule kwa lugha nyingine. Sokoni utaona lumbesa, yale magunia yaliyoota kichwa juu ya kichwa, yanayouzwa kwa bei ya gunia. Kule Nyamongo, kwenye dhahabu, hesabu inashuka hadi kwenye pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Gramu moja siku hizi ni zaidi ya laki mbili, kwa hiyo pointi moja ikipeperuka na upepo wa feni umepoteza zaidi ya elfu ishirini bila kusikia hata mlio. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 yamesaidia, sikatai. Angalau mchimbaji hauzi tena kwenye chumba cha nyuma cha mtu. Lakini muulize kijana aliyetoka shimoni kama amewahi kuona jiwe la majaribio likiwekwa kwenye ile mizani kabla ya dhahabu yake.

Na hapa kwenye dhahabu naomba tukumbushane kitu. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia yasisafirishwe nje, na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Makinikia yenyewe yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, lakini kampuni ilikuwa ileile ya Acacia iliyokuwa na mgodi wa North Mara hapohapo Nyamongo. Ugomvi wote ulikuwa juu ya nini? Kipimo! Mei 24, 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatuambia ndani ya makontena yale mna dhahabu tani 7.8, wakati nyaraka zilionyesha tani kama 1.2. Acacia ikakataa katakata. Juni ikaja kamati nyingine, ya Profesa Nehemiah Osoro. Barrick, wenye hisa nyingi za Acacia, wakaja mezani, na ikazaliwa kampuni ya Twiga ambamo serikali ina asilimia 16.

Mimi leo sigombani juu ya nani alikuwa sahihi kwenye zile tani. Nasema hivi: taifa liliposhuku mizani ya mtu mwingine, lilifungua makontena, likachukua sampuli, likaita maprofesa, tukakaa mbele ya televisheni nchi nzima. Hakuna aliyeiambia serikali "stika ipo, sogea." Kwa nini mzee wa pamba aambiwe hivyo?

Ninachodai ni kidogo mpaka naona aibu kukiandika. Kila kituo cha kununulia kiwe na mawe yaliyohakikiwa, matatu hivi ya kilo 20, na yakae kwa kamati ya wakulima, yasikae kwa karani. Asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza, linatundikwa jiwe moja, kisha mawili, kisha matatu, kwa sababu mizigo ya pamba ni ya hamsini, sitini, siyo ya ishirini. Watu wote wanaona mshale unasimama wapi. Mtu akiwa na shaka mchana, mawe yanarudi juu. Basi. Haihitaji semina ya siku tatu na posho Mwanza.

Nilijaribu mwenyewe, msidhani naongea tu. Kesho yake nilinunua dukani katoni ya maji ya kunywa, chupa 12 za lita moja na nusu. Ni lita 18, na lita ya maji ni kilo moja, ongeza plastiki kidogo. Nikaibeba hadi kwenye mwembe nikamwomba karani aitundike. Akanitazama muda mrefu. Halafu akasema, "Mwandishi, mizani hii ni ya pamba. Siyo ya maji."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nikagawa maji, jua lilikuwa kali. Lakini yule mzee wa kilo 48 alikuwepo, na yeye hakucheka. Alinifuata pembeni.

"Mwanangu, umesema lita moja ni kilo moja?"

"Ndiyo, mzee."

Akaligeukia dumu la lita 20 lililofungwa nyuma ya baiskeli yake, lile la njano tunaloteka nalo maji. Nikamwambia asiliamini sana, mengine yakijazwa hadi mdomoni yanachukua zaidi, kwa hiyo alijaze kwa kuhesabu chupa ya lita moja moja, mara ishirini, na dumu tupu alipime peke yake kwanza. Akauliza je, akija na madumu matatu. Nikasema hapo ndipo vizuri zaidi.

Alikuwa amebakiza mzigo mmoja nyumbani. Ataupeleka Jumanne, pamoja na madumu, na ameshaongea na majirani wanne wawepo. Namba yake ya simu ninayo. Jumanne jioni nitampigia.