Injini Ikipiga Kama Bunduki, Usikimbilie Kununua Kabureta

Leo sitaongea kwa upole.

Mama mmoja katika kata ninayohudumia alinunua trekta dogo la mkono, lile la petroli, kwa mkopo wa kikundi. Likaanza kulipua, paa! paa!, kila likiingia kwenye udongo mzito. Fundi akamwambia kabureta imekufa. Akanunua nyingine. Wiki iliyofuata mlio ukarudi, akaambiwa ile ilikuwa feki. Akanunua tena. Nilipofika kwake walikuwa wanazungumzia kabureta ya tatu, mvua za kwanza zimeshapita na shamba halijatifuliwa.

Kosa lilikuwa wapi? Gasketi inayokaa kati ya kabureta na injini ilikuwa imechanika. Kabureta zote mbili mpya zilifungwa juu ya gasketi ileile. Hewa ilikuwa inaingia pembeni, mafuta yanazidiwa na hewa, injini inakohoa. Kipuri cha bei ya soda kilikula pesa ya mbolea, na marejesho ya kikundi hayakumsubiri.

Nasema wazi: tabia hii ya "tubadilishe kwanza tuone" ni wizi, hata kama anayeifanya hana nia ya kuiba. Mganga akikupa dawa bila kukuuliza unaumwa wapi, utamkimbia. Kwa nini fundi asiyeuliza chochote tunampa hela?

Najua utasema, "Afisa, wewe ni mtu wa mbegu na mbolea, injini zinakuhusu nini?" Zinanihusu. Nimesoma stashahada ya kilimo, si ufundi wa magari, lakini naona msimu ukipotea kwa sababu ya mashine iliyolala chini ya mwembe. Na ninachokueleza hapa hakihitaji cheti. Kinahitaji masikio.

Maswali mawili kabla ya kutoa hata shilingi

Mlio unatokea wapi? Na unatokea lini? Naongelea injini ndogo za petroli za mipigo minne, za trekta la mkono na za pampu ya maji. Pawatila kubwa za dizeli zina mambo yake.

1. Unalipua kwenye ekzosi unapozima. Hapa mara nyingi injini haina ugonjwa, ugonjwa ni mkono wako. Umezima ikiwa kwenye resi kubwa, petroli isiyoungua imeingia kwenye ekzosi yenye moto, ikalipuka humo. Punguza resi, iache ipumue nusu dakika, ndipo uzime. Hiyo ni bure.

2. Unalipua kwenye ekzosi wakati wa kazi, na moshi mweusi. Mafuta yamezidi hewa. Angalia kama choki umeisahau imefungwa. Fungua chujio la hewa: kama limejaa vumbi, lile la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, kisha tia matone ya oili na ukamue. La karatasi likizibwa badilisha. Usitembee bila chujio, vumbi litamaliza silinda.

Kama hakuna moshi mweusi, toa plagi uiangalie. Ikiwa imejaa masizi, isafishe au weka mpya. Mwanya wake kwa injini nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.7 na 0.8. Kaza pia boliti za ekzosi na kagua waya wa plagi.

3. Unakohoa kwenye kabureta, hasa ukiipa mzigo. Hewa imezidi mafuta. Hapo ndipo watu wanapouziwa kabureta. Anza na mafuta: injini ikiwa imepoa, funga koki, fungua boliti ya chini ya kikombe cha kabureta na mwaga kilichomo kwenye chupa ya kioo. Maji hukaa chini ya petroli, utayaona kwa macho. Kisha safisha kikombe na jeti. Petroli iliyolala miezi huacha utandu unaoziba tundu dogo la jeti, na tundu hilo linazibuliwa, haliuzwi na kabureta nzima. Mwisho kagua gasketi na boliti za kabureta. Injini ikiwa inaunguruma, dondoshea maji kidogo kwenye maungio hayo. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo.

4. Unalipua wakati wa kuwasha, na kamba inakuvuta mkono kwa nguvu. Hapo acha kuvuta, utaumia. Yawezekana kile kichuma kidogo kinachoishikilia flaiwili kwenye shafti kimekatika au kupinda, hivyo moto wa plagi unakuja wakati usiofaa. Kazi hii mpe fundi, lakini mwambie ukikague mbele yako.

Kama yote haya ni mazima na bado inalipua, ndipo fundi apime mwanya wa valvu, injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu cha injini yako. Valvu isiyofunga vizuri hurudisha moto kwenye kabureta au huutoa nje kwenye ekzosi. Apime kwa fila geji, asipime kwa kucha. Na kabla ya kugusa visu vya trekta, chomoa waya wa plagi.

Kwako unayeuza petroli

Ndugu yangu, petroli yako ya chupa inatusaidia, kituo kiko mbali. Lakini ukichanganya mafuta ya taa, au ukiweka dumu lililokuwa na maji, unamharibia jirani yako injini yake na msimu wake. EWURA walianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri. Kijijini hakuna mtu wa kupima vinasaba kwenye chupa yako. Kuna jina lako tu. Tumia dumu kavu, lifunge, liweke kivulini mbali na moto, na usiuze iliyokaa muda mrefu. Na ukiuza kabureta, uza na gasketi yake.

Kwako fundi

Wapo mafundi wazuri, nawajua na ninawatuma kwa wakulima. Hao ukiwaletea injini wanauliza, wanasikiliza, wanafungua kidogo, wanakuonyesha. Mnaokimbilia kubadilisha msiseme wateja hawana subira. Mteja aliyeonyeshwa jeti iliyoziba atalipa kwa furaha, na atarudi.

Kwako mkulima

Sitaki kusikia tena "fundi kasema". Uliza: kasema baada ya kupima nini? Kaa pale anapofungua. Omba kipuri cha zamani mkononi, uone kilichoharibika kwa macho yako. Asipokuwa na cha kukuonyesha, usinunue kipya. Kama kikundi chenu kina mashine, wekeni daftari: tarehe ya mlio, ulitokea wapi, ulitokea lini, kilichofanyika. Daftari la shule linatosha.

Yule mama tulimkatia gasketi mpya, tukaifunga, trekta likaingia shambani siku hiyohiyo. Alipanda akiwa amechelewa. Usichelewe kama yeye kwa kosa ambalo maswali mawili yangelifichua.