Tuwasimulie watoto ngano, lakini tuanze na paukwa

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza na wazazi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Nalo ni ngano: visa vya kale vya majini, mazimwi na wanyama wanenao, ambavyo bibi zetu walitusimulia baada ya sala ya Isha. Visa hivyo vimerudi kwa sura mpya. Vinachapwa katika vitabu vyenye picha za rangi, vinasimuliwa redioni, vinaigizwa katika filamu na kupita katika simu za mkononi. Je, mzazi Mwislamu avipokee au avifukuze?

Wako wanaosema vifukuzwe vyote, na hoja yao si ya kupuuzwa. Katika lugha yetu neno "hadithi" limebeba maana mbili: ni mapokezi ya kauli na matendo ya Mtume (SAW), na pia ni kisa cha sungura na fisi. Mtoto anayelisikia neno hilo hilo madrasa mchana na kitandani usiku, atapambanua vipi? Nasi twajua kwamba Mtume (SAW) ametuonya vikali: atakayemzulia uwongo kwa makusudi, makazi yake ni Motoni.

Hata hivyo, sisi tunaona kwamba wazee wetu waliitambua hatari hiyo kabla yetu, wakaiwekea mlango. Msimulizi hakuanza kisa ghafla. Alitanguliza: "Paukwa!" Watoto wakaitikia: "Pakawa!" Au aliita: "Hadithi, hadithi!" nao wakajibu: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea."

Tuyatafakari maneno hayo. Kabla kisa hakijaanza, msimulizi na wasikilizaji wamekwisha kupatana kwamba kinachokuja ni uwongo, na kwamba kinachotafutwa ndani yake ni utamu na funzo. Hapana aliyedanganywa. Na alipomaliza, msimulizi alisema kuwa hadithi ikiwa njema ni ya watu wote, na ikiwa mbaya ni ya kwake peke yake. Basi ngano ilikuwa na mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, na mwenyewe wa kuulizwa.

Na ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na mali. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza, Edward Steere, alichapisha mjini London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Miongoni mwazo kimo kisa cha Sultani Majinuni, aliyekuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakashitaki; Sultani akajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watu. Jibu likawa lile lile. Hata alipokula wana wa Sultani mwenyewe, ndipo Sultani akakiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda mla watu. Mwanawe mdogo ndiye aliyetoka kwenda kumsaka porini, akiua mnyama baada ya mnyama, na kila mara mama yake akimwambia kuwa bado, huyo siye nunda.

Ni mzazi gani asiyeiona hekima iliyomo humo? Dhuluma inayofumbiwa macho ingali ndogo, hurudi kumla aliyeifuga. Kisa hicho chafaa kusimuliwa nyumbani, hata barazani kwa wakubwa. Na inatupasa kujiuliza kwa nini tunakisoma leo kwa sababu mgeni alikiandika, ilhali wenye bibi zao tulikaa kimya.

Basi ubaya haumo katika ngano. Ubaya umo katika ngano iliyoondolewa paukwa, ikapitishwa kwa watu kama habari ya kweli. Ushahidi tunao. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianza Pemba, ikavuka Unguja, ikafika hadi Dar es Salaam. Watu wazima waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto. Mjini Unguja mtu mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa ndiye popobawa, akauawa na umati. Aliyekufa alikuwa mja wa Mwenyezi Mungu, na damu yake haikuwa ngano.

Leo uvumi wa namna hiyo hauhitaji siku kadhaa kuvuka bahari. Ujumbe huingia katika simu, hauna paukwa, hauna mwenyewe, na chini yake umeandikwa: watumie wengine kumi. Qur'ani imetukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Anayeusambaza ujumbe huo ajue kuwa naye ni msimulizi.

Liko pia swali ambalo mtoto hatakosa kuuliza: je, majini wapo kweli? Hapa mzazi asimcheke, wala asimtishe. Amwambie kuwa majini wapo, wameumbwa kwa ulimi wa moto, na kuwa Suratul Jinn inatufahamisha kwamba wamo miongoni mwao walio wema na wasio wema. Hayo tunayaamini kwa kuwa tumeambiwa na Muumba wao. Ama jini aliyefungwa chupani akatoka kama moshi mbele ya mvuvi, huyo ni wa Alfu Lela Ulela, na Alfu Lela Ulela ni ngano. Mtoto aliyefundishwa tofauti hiyo mapema hatapata tabu ukubwani, atakapojiwa na mganga wa uwongo anayedai fedha ili amtoe jini.

Kwa waandishi wetu wanaozisimulia upya hadithi hizi, tunalo ombi. Hakuna atakayewalaumu kwa kupamba. Lakini wasimtie zimwi aya kinywani, wala wasimtundikie sahaba kisa asichokuwamo ili kitabu kipate heshima. Ngano nzuri inajitosha.

Leo ni Ijumaa, na wengi wetu tunasoma Suratul Kahf. Mzazi akimaliza kusoma, awaite watoto, awaeleze habari za vijana wale waliokimbilia pangoni na imani yao, wakalazwa miaka 300 na kuzidi tisa. Hapo asiseme paukwa, na akiulizwa kwa nini, awaeleze kwamba hii ni haki itokayo kwa Mola wao. Kisha usiku, taa zikipunguzwa, awasimulie kisa cha nunda, na aanze kwa kuita: "Paukwa!" Watakaoitikia "Pakawa!" watakuwa wamekwisha kujua wako upande gani wa mlango.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli na masikio yenye kupambanua. Amin.