Taabu Si Cheti

Mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni jina lake kabla hajamfungulia mlango. Hapana mtu mwenye akili awezaye kuwalaumu walimu wa chuo kwa kutaka kumjua kijana anayebisha hodi kwao. Walakini haki ya kuuliza haifanyi kila swali kuwa jema. Liko swali moja ambalo vyuo vingi vya Marekani huwauliza vijana wanaoomba nafasi ya masomo, nalo limekwisha kuvuka bahari likafika kwetu. Husema: eleza taabu iliyokupata, jinsi ulivyoikabili, na somo ulilolipata. Nasema kuwa swali hili ni baya, na sababu zangu ni hizi.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lijulikane. Fomu itumiwayo na vyuo vingi huko ni ile iitwayo Common Application. Ilianzishwa mwaka 1975 na vyuo 15, na leo hutumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Mwombaji huandika insha isiyozidi maneno 650. Huchagua swali moja katika saba, na mojawapo ni hilo la kikwazo, pigo au kushindwa. Ni kweli kwamba hashurutishwi kulichagua. Lakini kijana wa Kigoma au Kisumu, ambaye hapo awali alizoea kupimwa kwa alama za mtihani tu, na ambaye bila msaada wa ada hawezi kusafiri, hunong'onezwa mara nyingi kuwa mali yake kubwa ni umaskini wake. Huambiwa aandike njaa, aandike kaburi, aandike maji aliyobeba kichwani. Hivyo hiari aliyopewa kwa karatasi hunyang'anywa kwa ushauri.

Lugha yetu ina hazina ya majina kwa mambo haya. Twasema adha, udhia, dhiki, msiba, balaa, janga. Kila neno lina mahali pake. Kukosa nauli ya basi ni adha. Kukosa chakula ni dhiki. Kufiwa na mama ni msiba. Siku hizi yote yametiwa katika kapu moja liitwalo changamoto, na kapu hilo ndilo lipelekwalo sokoni. Waendao matangani hawamwulizi mfiwa amejifunza nini. Humpa mkono wa pole, huketi naye mkekani, hunyamaza. Wanajua kuwa yako mambo ambayo hayana somo, au ambayo somo lake huchukua miaka mingi kuonekana. Swali la chuo halina subira hiyo. Halitosheki na msiba. Lataka msiba wenye faida. Kijana akisema kweli kwamba alipofiwa alilia, akaacha shule mwaka mzima, na mpaka leo bado analia, insha yake itaonekana haikukamilika. Mwenzake atakayesema kuwa kifo cha mama kilimfundisha uongozi ataonekana amekomaa. Huu si upimaji wa ukomavu. Ni kumfundisha kijana kuyafanyia biashara machozi yake.

Tena taabu ya mtu wa miaka 17 aghalabu si yake peke yake. Ulevi wa baba ni wa baba. Maradhi ya mama ni ya mama. Aibu ya dada ni ya dada. Mtoto anapoandika mambo hayo hufungua mlango wa chumba ambacho wengine wanalala humo, nao hawakuulizwa. Katika adabu zetu kusitiriana ni wajibu, na aliyesitiriwa nyumbani hapasi kuivua nguo nyumba hiyo mbele ya wageni. Yuko atakayenijibu kwa methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Ni methali ya kweli, lakini humtuma mgonjwa kwa mganga, haimtumi kwa mwamuzi. Mganga akiyajua maradhi hutibu. Mwamuzi wa insha akiyajua hutoa alama.

Penye soko hapakosi bidhaa bandia. Mwaka 2018 gazeti la New York Times lilitoa habari za shule moja ndogo ya Louisiana, iliyokuwa imesifiwa sana kwa kuingiza vijana weusi katika vyuo vikubwa. Gazeti lilieleza kuwa rekodi za masomo zilighushiwa, na hadithi za dhiki zilitiwa chumvi au zilitungwa, kwa sababu ilijulikana ni hadithi za namna gani zinazopendeza. Wengi waliwashutumu walimu wa shule hiyo, na walistahili. Lakini ni wachache waliouliza kwa nini hadithi hizo zilikuwa na wanunuzi. Mwongo ana lawama yake. Naye aliyetangaza kuwa atanunua taabu, wala hana mizani ya kuipima, ana lawama yake pia. Tena matajiri huko huajiri washauri wa kuwapangia watoto wao insha, wakalipa maelfu ya dola. Basi hata katika uwanja huu uliodaiwa kuwa wa maskini, mwenye fedha huja na fundi na maskini huja na jeraha.

Historia ya kupima watu kwa namna hii haituondolei shaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 chuo cha Harvard kilichagua wanafunzi wake kwa mtihani zaidi kuliko kwa kitu kingine. Vijana wa Kiyahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji, waliushinda mtihani huo, na kufikia mwaka 1922 walikuwa zaidi ya mmoja katika kila wanafunzi wapya watano. Mwaka huo mkuu wa chuo, A. Lawrence Lowell, alitaka idadi yao iwekewe mpaka. Mpaka wa wazi ulikataliwa. Lakini katika miaka iliyofuata vyuo vikubwa vilianza kupima tabia na haiba ya mwombaji, na idadi ya Wayahudi ikashuka. Jerome Karabel ameyaeleza haya kwa urefu katika kitabu chake The Chosen, kilichotoka mwaka 2005. Sisemi kuwa wasomao insha leo wana nia hiyo. Nasema kuwa kipimo kisicho na alama za wazi ni mkoba ambao kila mwenye nguvu aweza kutia humo atakacho.

Wanaotetea swali hili wana hoja, nayo ni haki isikilizwe. Husema: mtihani humpendelea aliyesoma shule yenye vitabu, alama 70 za mtoto aliyesomea taa ya kibatari si sawa na alama 70 za mtoto aliyekuwa na mwalimu wake nyumbani, insha ndiyo itakayotuonyesha tofauti. Mwanzo wa hoja hii ni kweli tupu, ila mwisho wake haufuati. Kwamba shule haikuwa na maabara, kwamba darasa lilikuwa na watoto 90, kwamba mwanafunzi alitembea saa mbili kila asubuhi, ni mambo yawezayo kuandikwa na mwalimu mkuu kwa mistari mitano. Fomu hizo za Marekani zenyewe zina nafasi ya shule kueleza hali yake. Habari za namna hiyo zina ushahidi, zaweza kulinganishwa, wala hazihitaji machozi ya mtu. Anayetaka kujua urefu wa kilima aupime mwenyewe. Asimlazimishe aliyekipanda aimbe juu ya uchovu wake.

Jambo hili limezidi uzito tangu tarehe 29 Juni 2023. Siku hiyo Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi za Harvard na North Carolina, ilivizuia vyuo kutumia rangi ya mtu kama kigezo cha kumchagua. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kuwa hukumu hiyo haikikatazi chuo kuzingatia maelezo ya mwombaji mwenyewe juu ya jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake, iwe kwa ubaguzi au vinginevyo, mradi maelezo hayo yafungamane na moyo wake au uwezo wake. Wako waliofurahi kuwa mlango mdogo umebaki wazi. Mimi naona kuwa mzigo uliobebwa na chuo sasa umetwikwa kichwani mwa kijana. Dhuluma ambayo taifa zima laijua imekuwa siri yake binafsi, naye ndiye wa kuithibitisha, tena kwa maneno 650.

Njia nyingine haikosekani. Huko Uingereza waombaji hupitia UCAS, ambako kila mmoja hupewa nafasi ya herufi 4,000. Kwa wanaoingia vyuoni kuanzia mwaka 2026 maelezo hayo yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini wataka somo hili, masomo yako yamekuandaaje kwa somo hilo, na umefanya nini nje ya masomo ili kujiandaa. Hapo bado mwenye msaada atamshinda asiye na msaada, sikatai. Lakini mwombaji huulizwa juu ya kazi yake na akili yake. Aliyelea kuku akaandika hesabu za mayai yao ana la kusema. Aliyelea wadogo zake baada ya mama kufa aweza kusema jinsi alivyogawa unga wa siku saba kwa watu sita, wala asiseme neno juu ya kaburi asipotaka. Tofauti ni kwamba sasa ufunguo wa chumba umo mkononi mwake.

Kwa vijana wanaoshika kalamu msimu huu nasema: maswali mengine sita yako, wala hapana sheria ya kuwafunga kwenye hili. Ikiwalazimu kuandika taabu, chagueni ile iliyo yenu wenyewe, na kurasa nyingi ziwe za mlichofanya, si za mlichotendwa. Msiazime msiba. Msimtaje mtu wa nyumbani ambaye hamwezi kumsomea insha hiyo kwa sauti.

Kwa watoao misaada ya masomo hapa kwetu, ambao fomu zao zimeanza kulinakili swali hili neno kwa neno, nasema zaidi. Ninyi hamna udhuru wa ugeni. Mnajua matanga ni nini, na mnajua kuwa mtoto mwenye njaa atajibu lolote aulizwalo na mwenye chakula. Pigeni simu kwa mwalimu mkuu mwulize hali ya shule, tumeni mtu aione nyumba, tazameni daftari za kijana. Swali lile lifuteni kabla fomu za mwaka ujao hazijapigwa chapa.